Neno Ambalo Sikulifikisha

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo sijawahi kuitafuta kichwani. Huja yenyewe, hasa mvua za kwanza zikinyesha hapa Lilongwe na udongo ukaanza kunukia. Ilitokea Dzaleka, mwaka wa pili tangu tufike katika kambi ile ya wakimbizi. Nimeishi nayo kama mtu anavyoishi na jino bovu: unatafunia upande wa pili, na maisha yanaendelea.

Juzi ulikuja na habari kwamba wenzako darasani wamekuchagua kuwa delege wao, msemaji wa darasa. Mama yako akapiga vigelegele, majirani wakaitwa, soda zikafunguliwa. Mimi nikanyamaza, nawe ukanuna. Nilikusikia ukimwambia mama yako jikoni, "Shangazi hafurahii la mtu." Masikio yangu bado mazima, usinizeeshe kabla ya wakati. Basi leo keti, na hiyo simu iweke pembeni. Nina jambo ambalo hata baba yako sijamwambia lote, na linamhusu mama yetu, yaani bibi yako, ambaye hukujaliwa kumwona.

Mimi pia niliwahi kuwa delege. Chuo chetu kilikuwa kidogo, vyumba vitatu tu mjini, na kozi ilikuwa ya miaka miwili. Kwa Kiswahili cha vitabuni inaitwa usanifu wa mandhari. Maana yake unapanga ardhi iliyo nje ya nyumba: maji ya mvua yapite wapi, mti gani ukae wapi, mtu mzee akitoka kuchota maji apumzike wapi. Kambini hawakuwa na muda na maneno marefu. Walisema, "Jeneroza anasomea maua." Jirani yetu Papa Elias, mtu wa Fizi kule Kongo, kila Jumatatu asubuhi akiniona barabarani nasubiri gari na karatasi zangu kwapani alipaza sauti: "Mama Maua! Kwetu maua inaota yenyewe, haiombake diplome!" Watu wote wanacheka, nami nacheka nao, lakini moyoni nimevimba. Nilikuwa na kiburi, mwanangu, kiburi cha mtu aliyepoteza kila kitu akabaki na daftari.

Jumatatu nilikuwa natoka kambini na kibali changu kimekunjwa ndani ya Biblia, napanda nyuma ya pikapu pamoja na magunia ya mahindi mpaka mjini. Siku za masomo nililala Kawale kwa familia moja ya kanisa letu, mafundi cherehani, na Ijumaa narudi Dzaleka kwa mama. Baba yako wakati huo alikuwa bado Tanzania, kambi nyingine, wala hatukujua kama yu hai. Mama alikuwa na mimi tu.

Darasani tulikuwa watu kumi na mmoja. Wote Wamalawi isipokuwa mimi. Walinichagua kwa sababu nilikuwa mkubwa wao kwa umri, nina mwandiko mzuri, na nilikuwa siogopi kusema na mwalimu. Nadhani pia hakuna mwingine aliyeutaka usumbufu huo. Kazi ya delege ilikuwa ni hiyo hiyo yako: neno la wenzako unalipeleka kwa mwalimu, na la mwalimu unawarudishia wenzako. Ramani ya darasa ikikamilika, delege ndiye anayetia sahihi ya mwisho. Lakini palikuwa na jambo la ziada ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelitaja. Ofisi ya bustani za mji ilikuwa imeahidi kumchukua mhitimu mmoja tu mwaka ule, na mkubwa wa ofisi ile, akija chuoni, mtu aliyemjua kwa jina alikuwa delege.

Kwa mkimbizi nafasi ile haikuwa kazi tu. Ilikuwa barua yenye mhuri ya kukuruhusu kuishi mjini, na chumba cha watumishi mtaa wa Area 18, hapa mjini, chenye ukuta wa matofali na maji ya bomba uani. Nilikuwa na mama anayelala juu ya mkeka ndani ya kibanda kinachovuja, kifua kikimbana kila msimu wa mvua. Nilimwahidi: mama, kabla mvua za mwaka kesho hazijaisha utakuwa unalala kitandani Lilongwe. Nilimwahidi huku nimemshika mikono. Kumbuka hilo, ili usije ukasema shangazi yako alikuwa na tamaa ya bure.

Sasa, katika wale kumi alikuwako msichana anaitwa Tiyamike. Mwembamba, mkimya, wazazi wake wamefariki, analea wadogo zake watatu hapo hapo Kawale. Mimi nilikuwa na mwandiko. Yeye alikuwa na jicho. Mwalimu wetu, Bwana Phiri, alikuwa akisimama nyuma yake wakati anachora, kisha anaondoka bila kusema kitu, na mwalimu yule hakuwa mtu wa kuacha kusema. Nilijua kabisa, ikiwa nafasi ile itakwenda kwa anayestahili, itakwenda kwa Tiyamike. Tulipendana hata hivyo. Tulikuwa tukigawana nsima, ugali wa huku, mchana, na kuongea kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza, mimi nikichomeka Kifaransa, yeye Kichewa.

Kazi ya mwisho ya darasa ilikuwa ni kupanga eneo la kweli, si la karatasini. Nikasimama nikasema: twende Dzaleka. Kati ya zahanati na kisima kulikuwa na mteremko mtupu. Mvua ikinyesha unageuka mto wa matope, na akina mama wanaanguka na ndoo zao. Tupange njia, mtaro, na mistari miwili ya miti ya kivuli. Bwana Phiri akafurahi. Ofisi ya bustani ikaahidi miche, na mkubwa wake akasema atakuja mwenyewe siku ya kupanda. Weee! Usiku ule sikulala kwa furaha. Nilijiona tayari nimemfungia mama mizigo.

Tukaenda kupima. Tuligawana pande, na upande wa juu karibu na mpaka wa kijiji ukawa wa Tiyamike: yeye apime na aorodheshe kila mmea uliopo. Pale juu palikuwa na kichaka cha minyaa. Wewe umekulia hapa, wenyeji wanaiita nkhadze: ile isiyo na majani, vijiti vitupu vya kijani, ukiivunja inatoa maziwa yanayochoma. Ilikuwa imezeeka, imesongamana, na ilisimama katikati kabisa ya njia niliyoichora.

Kwetu Burundi, mwanangu, minyaa ni uzio wa nyumba. Kila boma kwenye kilima limezungukwa nayo. Ukipita mahali ukakuta minyaa imebaki peke yake bila nyumba, unajua palikuwa na watu wakahama, na leo ni mahame, anayetaka anaweza kulima. Nikakitazama kichaka kile kwa macho ya kwetu, nikaandika kwenye ramani kwa mwandiko wangu mzuri: mahame ya zamani, kikatwe.

Tiyamike akanivuta kando, kamba ya kupimia bado iko mkononi.

"Dada Jene, hii nkhadze si ya kukatwa hivi hivi. Kwetu tunaipanda penye makaburi."

"Makaburi ya kijiji yako kule," nikamwambia, nikimwonyesha msitu mdogo ng'ambo. "Hata mimi nayajua. Naishi hapa."

"Yale ni ya watu wazima. Mtoto mchanga haendi kule. Wanawake wanamzika wenyewe, mahali pao, wanaume hawaendi hata kuangalia. Mama yangu alimzika mmoja hivyo, nami nilibeba jembe. Tuwaulize wanawake wa kijiji. Mfumu mwenyewe, mkuu wa kijiji, anaweza kuwa hajui." Akanitazama. "Wewe ndiwe delege. Mwombe mwalimu wiki moja tu."

Wiki moja! Mkubwa wa ofisi alikuwa anakuja Alhamisi, na wiki iliyofuata alikuwa anasafiri. Nikamjibu, "Nitamwambia." Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Jioni ile Bwana Phiri aliniuliza mbele ya gari kama kuna lolote kutoka kwa darasa. Nikasema hakuna, kila kitu kiko sawa. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa hivyo tangu utotoni, na mimi nilikuwa nimekwisha ulizwa. Kilichotakiwa kwangu ni kufungua mdomo tu. Tiyamike kesho yake akaniuliza, "Umemwambia?" Nikasema, "Nimemwambia. Amesema tuendelee." Akaamini. Kwa nini asiamini? Nilikuwa delege wake.

Alhamisi asubuhi Papa Elias na wanaume wengine watatu wa kambini walianza kukata. Maziwa ya minyaa yalikuwa yanatiririka chini, na harufu yake inakaba koo. Tone moja likamrukia Papa Elias jichoni. Akapiga kelele, tukamwosha kwa maji, akakaa kando na kitambaa usoni huku wenzake wakiendelea. Kisha wakaanza kuchimba mashimo ya miche. Shimo la pili, jembe likagonga kitu. Chungu kidogo kilichovunjika. Chini yake kikombe cha bati, kimetobolewa tundu kitakoni ili asiye hai peke yake akitumie. Mchimbaji mmoja akaweka jembe chini polepole, akavua kofia.

"Mama delege," akasema, "hapa njo batoto ba bantu banalala. Mi sichimbi tena."

Mara nikamwona bibi kizee mmoja anateremka kutoka kijijini. Hakuwa anakimbia. Alifika akasimama penye minyaa iliyokatwa, akaanza kuokota matawi moja moja na kuyapanga, mikono mitupu, maziwa yakimchoma wala hajali. Nyuma yake wakaja wanawake wengine, labda kumi na tano. Hakuna aliyepiga yowe. Wangetutukana ningeweza kusimama. Walikaa chini kuzunguka pale, miguu imenyooshwa. Tiyamike akaenda akachutama karibu na yule bibi, akamshika mkono. Bibi akasema kitu kwa sauti ndogo, na Tiyamike akatutafsiria: "Anasema watatu ni wake. Anasema alipoona nyinyi wageni mmekuja kukaa karibu alifurahi, kwa sababu watoto wangesikia sauti za watu."

Yoo, mwanangu. Hata leo maneno yale yananitoa jasho.

Hapo ndipo gari la wageni lilipoingia. Mkubwa wa ofisi akashuka na suti yake, akaona miche imelazwa, mashimo nusu, wanawake chini. Mfumu naye akaja mbio, maskini, anauliza kuna nini, kweli alikuwa hajui. Kazi ikasimamishwa. Bwana Phiri alikuwa amegeuka rangi. Akachukua orodha ya mimea, akaisoma, akauliza mbele ya wote:

"Nani alipima upande huu?"

Macho yote yakanigeukia, kwa sababu delege ndiye anayejibu kwa niaba ya darasa.

"Tiyamike," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli, na ningeliishia hapo lingekuwa baya kiasi. Lakini akauliza tena: "Hakukuambia kitu chochote kuhusu mahali hapa?"

Mkubwa wa ofisi alikuwa ananiangalia. Nikamwona mama kwenye mkeka. Nikasema, "Hakuniambia."

Tiyamike alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Alisikia. Aliinua kichwa, akanitazama, mdomo ukafunguka kidogo. Kisha akatazama mkono wa bibi uliokuwa ndani ya mkono wake, akafunga mdomo. Kwao penye makaburi watu hawagombani. Nilijua desturi hiyo, alikuwa ameniambia mwenyewe siku moja tukila. Na nikaitumia.

Tulifukia mashimo siku ile ile. Wiki iliyofuata Tiyamike aliambiwa hatafanya mtihani wa mwisho, kwa sababu mpimaji asiyesema anachokijua hawezi kukabidhiwa ardhi ya watu. Hayo yalikuwa maneno ya Bwana Phiri, na yalikuwa maneno sahihi kabisa, ila yamempiga asiyehusika. Wanafunzi walinitaka mimi, delege wao, nikamwombee. Nikawaambia nimekwenda, mwalimu amekataa. Sikwenda. Unaona jinsi mambo haya yanavyozaana? Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinyooka mpaka ofisini: mwezi wa pili baada ya hapo nilipata barua yenye mhuri, meza ya kuchorea, na chumba Area 18.

Nikanunua kitanda. Nikatandika shuka, nikatundika chandarua, nikapanda gari kwenda Dzaleka kumchukua mama. Nilimkuta amekaa mlangoni anachambua maharagwe. Mizigo hakuwa amefunga. Alizungumza Kirundi, nakupa kwa Kiswahili, maana Kirundi chako ni cha kusalimia tu.

"Papa Elias amenieleza," akasema. "Alikuwa amekaa pale na kitambaa chake usoni. Jicho lilikuwa haliwezi, lakini sikio lilikuwa linaweza. Siku ile ya kupima pia alikuwapo, anashika kigingi. Alimsikia yule binti akikuambia."

Nikaanza kujitetea. Nikasema, mama, nilifanya kwa ajili yako. Aliacha kuchambua.

"Nestori wetu alilala wapi?" akaniuliza.

Nestori alikuwa kitinda mimba wetu. Baba yako hamtaji. Alikuwa na miaka mitatu, akafa kwa homa tukiwa njiani tunakimbia, siku moja kabla ya mpaka.

"Nilimweka kando ya njia," mama akasema, "na jiwe juu, kwa sababu sikuwa na hata mti wa kumpandia. Labda leo mtu analima pale. Kila jioni namwombea yule mkulima. Namwambia Mungu, msamehe, hajui. Wewe, Jeneroza, uliambiwa."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi maishani. Mimi si mtu mpole, nimeyataka mengi. Hakuna kemeo lililowahi kunifikia kama lile. Nililia pale mlangoni kama mtoto. Aliniacha nilie mpaka nimalize, kisha akasema neno la mwisho: "Siku utakayokwenda kwa mwalimu wako ukamwambia ukweli, njoo unichukue. Nitakunja mkeka dakika hiyo hiyo, hata wakikufukuza kazi, hata ukirudi hapa tukae wote. Kabla ya siku hiyo usinitumie gari."

Basi ilikuwa mikononi mwangu. Jambo dogo, mtu mmoja, mlango mmoja. Nilianza kwa Tiyamike, kwa kuwa nilidhani hapo ndipo pepesi. Nikamkuta sokoni Kawale, mbele yake mafungu ya nyanya na bonongwe, ule mchicha wa huku, na mdogo wake wa mwisho kamfunga mgongoni. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu yule.

"Zikomo kwa kuja," akasema. "Lakini mimi umeniletea nini? Mimi najua nilichokuambia. Asiyejua ni mwalimu. Anakaa Area 47, na unapajua." Kisha mteja akaja, akamhudumia, hakunitazama tena.

Nilikwenda Area 47. Nilikwenda mara tatu, na mara moja nilifika mpaka getini. Nikamsikia Bwana Phiri ndani anacheka na watoto wake, nikajiambia, leo amefurahi, nisimharibie, nitakuja Jumamosi. Jumamosi ikawa na mvua. Jumamosi nyingine nikawaza: wakininyang'anya barua, mama nitamtoa vipi kambini? Namlinda mama. Umeona ujinga huo? Mama mwenyewe amenionyesha mlango wa kutokea, nami nausukumia ndani nikisema namlinda. Kila jioni narudi Area 18 nakuta kitanda chake kimetandikwa, chandarua kinaning'inia, natoa vumbi.

Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha pastori wa kanisa letu alipokuja ofisini kunitafuta. Mama alikuwa na malaria, siku ya nne. Hakutaka niitwe. Nilipofika Dzaleka walikuwa wamekwisha mfunika. Baba yako hukuambia bibi alikufa kwa malaria kambini, na hakudanganyi, ilikuwa malaria. Lakini alikuwa na kitanda chenye chandarua mjini, na kilichomtenganisha nacho ni mimi. Papa Elias alichimba kaburi, jicho lake moja limebaki na ukungu mpaka leo, na hakuniambia neno. Ningependa angeniambia.

Wiki ile ya msiba ndipo nilipokwenda kwa Bwana Phiri, na safari hii nilibisha hodi. Nikamwambia yote nimesimama, sikukubali kiti. Akaniuliza swali moja: "Kwa nini sasa?" Ukweli ni kwamba nilikwenda wakati hapakuwa tena na cha kupoteza, na ukweli wa namna hiyo hauna thamani kubwa. Hata hivyo akaketi akaandika barua ya kumsafisha Tiyamike, ili arudi afanye mtihani. Nikaipeleka sokoni mbio mbio. Meza yake ilikuwa na mwanamke mwingine. Wakasema amechukua wadogo zake wamekwenda kwa mjomba, kaskazini huko, hawajui kijiji. Niliuliza kanisani kwao, niliuliza kwa mafundi cherehani, nikatuma salamu kwa madereva. Maji yakimwagika hayazoleki. Barua ninayo hata sasa.

Mimi hawakunifukuza. Nilifanya kazi ile mpaka juzi juzi nimestaafu. Ukitembea mjini ukapumzika kwenye kivuli, huenda nilikichora mimi, na watu hunisifu, nami nasema asante. Lakini kila nikisifiwa nahesabu: huu ungekuwa mti wa Tiyamike, na angeuweka mahali pazuri zaidi.

Sasa nasaha yangu, na uisikie vizuri kwa sababu sina nyingine. Cheo ni dhamana, na cha delege hasa, maana wewe hukukabidhiwa nguvu. Umekabidhiwa maneno ya watu. Mwenzako akikupa neno, hata la mkimya, hata likichelewesha jambo unalolitaka kuliko chakula, si lako kulipima wala kulihifadhi. Lifikishe lilivyo, siku hiyo hiyo, kabla hujaanza kulitafutia sababu. Wahenga walisema mjumbe hauawi, kwa hiyo unaogopa nini? Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, damu yetu ni moja, usiende kuomba radhi kwa uliyemwumiza peke yake. Nenda kwa yule uliyemdanganya. Nenda wakati bado unacho cha kupoteza. Usiseme unamlinda mama yako, wala mtoto wako, wala mtu yeyote. Muulize kwanza kama anataka kulindwa hivyo. Na unapotazama ardhi ya wengine usiisome kwa macho ya kwenu. Waulize wenye ardhi, na ukishamaliza na wanaume, waulize wanawake wao.

Hukuniuliza kwa nini nimeyatoa haya leo. Jana nilikuwa nakusikia unaongea kwenye simu pale uani. Ulicheka ukasema, "Hilo la Aline nitalipeleka baadaye, sasa hivi litaniharibia." Sijui Aline ni nani. Sijui neno lake ni nini, wala sitaki uniambie mimi. Chukua hiyo simu. Jua bado halijatua, na mwalimu wako bado yuko ofisini.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye mlango huo, akupe mdomo usiotetemeka. Akupe wenzako wa kukuamini, na akupe kustahili imani yao. Mama yako asikukose. Na Aline, popote alipo leo, asije akalazimika kutafutwa.